Ukuta wa nyumba haumlindi mtoto na bwawa: Mambo ya kukagua kabla hujalipa kodi

Dar es Salaam. Dalali anapokupeleka kuona nyumba yenye bwawa la kuogelea, ziara huwa fupi. Atakuonyesha sebule, jiko, vyumba na choo cha ndani, halafu atafungua mlango wa nyuma na kukuonyesha bwawa. Watoto watashangilia. Baba atauliza kodi inalipwa ya miezi mingapi, mama atauliza kama maji hukatika mara kwa mara. Mara nyingi mazungumzo kuhusu bwawa huishia hapo, na kesho yake fedha imeshatumwa.

Mabwawa ya nyumbani si kitu cha ajabu tena Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach au Kigamboni, wala Njiro kule Arusha. Yapo kwenye nyumba za familia moja, yapo kwenye maghorofa ambako wapangaji wengi wanatumia bwawa moja, na yapo kwenye nyumba za kukodi kwa siku ambazo familia huchukua kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa au mapumziko ya sikukuu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyakagua. Mtu hanunui gari kuukuu bila fundi kufungua boneti, lakini anahamia na watoto watatu kwenye nyumba yenye mita mbili za maji nyuma ya jiko bila kuuliza swali hata moja.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji mtaalamu. Unahitaji nusu saa ya mchana, tepu ya kupimia, na macho ya mzazi aliye tayari kuinama mpaka kimo cha mtoto wake. Baadhi ya mambo yatahitaji fundi baadaye, lakini mengi yanayowaua watoto yanaonekana kwa macho.

Kuzama hakuna kelele

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya Desemba 2024, linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, na vifo tisa kati ya kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Hapa kwetu ajali za majini tunazozisikia zaidi ni za ziwani, baharini, mitoni na visimani. Lakini nchi ambazo mabwawa ya nyumbani yalienea mapema zinatupa somo. Marekani, kufa maji ndicho chanzo kikuu cha vifo vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne, na wengi wa watoto hao hufia kwenye mabwawa ya kuogelea. Sisi tunaoanza kuyajenga kwa wingi sasa hatuna haja ya kusubiri yatufike ndipo tujifunze.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Mwili unapotafuta hewa, sauti haipati nafasi. Mikono inasukuma maji chini ili kichwa kiinuke, na baada ya muda mfupi mtoto anatulia. Mama anaweza kuwa jikoni, hatua kumi tu kutoka bwawani, asisikie chochote.

La pili ni kwamba watoto wengi wadogo wanaozama nyumbani hawakuwa wakiogelea. Walidhaniwa wamelala, wanaangalia katuni au wanacheza barazani. Kwa hiyo ukaguzi mzuri hauanzi na rangi ya maji. Unaanza na njia anayopita mtoto kutoka ndani hadi majini.

Ukuta ni wa mwizi, uzio ni wa mtoto

Nyumba nyingi za mjini zenye bwawa zina ukuta mrefu, nyaya za umeme juu yake na mlinzi getini. Mzazi akiviona anatulia, anasema hapa pana usalama. Ni kweli, pana usalama dhidi ya mtu anayetoka nje. Mtoto wako hatoki nje. Anaishi ndani ya ukuta huo huo, na kati yake na bwawa mara nyingi pana mlango mmoja wa wavu unaofunguka kwa kusukumwa.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kinaeleza kuwa uzio wa pande nne, unaolitenga bwawa hata na nyumba yenyewe, unapunguza hatari ya mtoto kufa maji kwa asilimia 83 ukilinganisha na uzio wa pande tatu ambao upande wa nne ni nyumba. Tofauti yote hiyo inatokana na upande mmoja tu: ule wa mlango wa jikoni.

Kwa hiyo simama kwenye mlango wa jikoni na ule wa sebuleni, ujiulize: mtoto akitoka hapa sasa hivi, kitu gani kinamzuia kufika majini? Kama jibu ni "hakuna" au "dada atamwona", bwawa hilo halina ulinzi.

Kama uzio upo, toa tepu. Urefu wake usipungue mita 1.2 kutoka ardhini. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, ili kichwa na kiwiliwili cha mtoto mdogo visipite. Nafasi ya chini nayo isizidi sentimita 10 kama ardhi ni ya saruji, na isizidi 5 kama ni udongo au nyasi, kwa sababu udongo huchimbika.

Kisha angalia mapambo. Mafundi wetu wa kuchomelea hupenda kuweka nondo za kulala na maua ya chuma katikati ya uzio. Yanapendeza, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu hizo ni ngazi. Angalia pia kilichowekwa karibu na uzio: kiti cha plastiki, kreti ya soda, chungu kikubwa cha maua, mashine ya kiyoyozi. Chochote anachoweza kukanyaga kinapunguza urefu wa uzio wako.

Geti ndilo sehemu inayochoka haraka kuliko nyingine. Linatakiwa lifunguke kuelekea nje, mbali na bwawa, ili mtoto akilisukuma azidi kulifunga. Linatakiwa lijirudishe lenyewe kwa springi na lijikomee lenyewe. Lijaribu mara tatu: lifungue kidogo na uliachie, lifungue nusu na uliachie, lifungue lote na uliachie. Mara zote tatu usikie komeo limeshika. Komeo liwe juu, karibu mita moja na nusu kutoka chini, mahali ambapo mtoto hafiki hata akinyoosha mkono. Ukikuta tofali limewekwa kuzuia geti lisijifunge, ujue watu wa nyumba hiyo wameshachoka nalo, na siku nyingi linabaki wazi.

Nchi nyingine hazikuacha jambo hili kwa hiari ya mwenye nyumba. Ufaransa ilipitisha sheria Januari 2003 inayotaka mabwawa binafsi yaliyochimbwa ardhini yawe na angalau kinga moja kati ya nne: uzio, king'ora cha tahadhari, mfuniko maalumu wa usalama, au jengo la kulifunika bwawa. Ukikuta nyumba inajivunia mfuniko, hakikisha ni ule uliofungwa imara kingo zote na unaobeba uzito wa mtu. Turubai lililotandazwa tu juu ya maji ni hatari kuliko maji matupu. Mtoto hulikanyaga akidhani ni sakafu, likamkunja na kumficha.

Maji yakuonyeshe sakafu

Sasa nenda upande wenye kina kirefu na uangalie chini. Unatakiwa uone wazi tundu la kunyonya maji lililo sakafuni, pamoja na umbo lake na mfuniko wake. Kama huoni, mtu yeyote asiingie siku hiyo. Sababu ya kwanza ni ya kiafya, kwani maji ya ukungu au ya kijani ni dalili kuwa dawa imepungua au chujio halifanyi kazi. Sababu ya pili ni nzito zaidi: maji yasiyokuonyesha sakafu hayatakuonyesha mtoto aliyelala juu ya sakafu hiyo.

Kwa vipimo, CDC inashauri klorini isipungue miligramu 1 kwa kila lita ya maji, na pH, yaani kipimo cha tindikali, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Hivi hupimwa kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi, na vinauzwa kwenye maduka ya dawa za mabwawa. Mwombe anayehudumia bwawa apime mbele yako. Muulize pia kama ana daftari la vipimo. Fundi makini huandika tarehe, kipimo na dawa aliyoweka. Asiye na daftari anafanya kazi kwa kukisia.

Wazazi wengi huamini kuwa bwawa linalonuka klorini kali ndilo safi. Ni kinyume chake. Harufu ile inayochoma pua na macho hutokea klorini inapochanganyika na jasho, mkojo na uchafu wa mwili. Maana yake dawa imeshatumika na inahitaji kurekebishwa. Bwawa lililotunzwa vizuri halina harufu kali.

Klorini nayo ina mipaka. Kuna kijidudu kinachosababisha kuharisha kiitwacho kriptosporidiamu ambacho kinaweza kuishi kwa zaidi ya wiki nzima kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Kwa hiyo mtoto anayeharisha asiingie bwawani, hata maji yawe safi kiasi gani, na watoto wapelekwe chooni kila baada ya saa moja. Kwa bwawa linalochangiwa na wapangaji wengi, hili liwe sharti lililoandikwa.

Bwawa lililotelekezwa pia lina hatari zake. Nyumba ikikaa bila mpangaji, mvua za masika hujaza maji machafu kwenye shimo, kingo zinaota utelezi, na mbu wanapata makazi. Mwenye nyumba akisema bwawa halitumiki, mwombe alimwage na kulifunika kwa mfuniko imara. Bwawa lisilotumika lakini lenye maji ya magoti linatosha kumzamisha mtoto.

Tundu la chini linalonyonya

Wengi hawalijui hili. Pampu huvuta maji kupitia tundu la chini, inayapeleka kwenye chujio, kisha inayarudisha bwawani. Mfuniko wa tundu hilo ukivunjika au ukitoka, nguvu ya pampu inaweza kumnasa mtoto kwa mgongo, tumbo, nywele au nguo.

Juni 2002 huko Virginia, Marekani, mtoto wa miaka saba aitwaye Virginia Graeme Baker alinaswa na tundu la kunyonya maji kwenye bwawa dogo la maji ya moto. Alikuwa mjukuu wa James Baker, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Alikuwa anajua kuogelea. Mama yake alizama kumvuta akashindwa, na wanaume wawili walipofanikiwa kumtoa, nguvu waliyotumia ilivunja mfuniko wa tundu. Mtoto hakupona. Mama yake alipigania mabadiliko ya sheria, na Desemba 2007 ikasainiwa sheria yenye jina la binti huyo, inayotaka mabwawa ya umma nchini humo yawe na mifuniko isiyoweza kumnasa mtu.

Kwa mzazi wa hapa, ukaguzi ni huu. Mwombe fundi azime pampu ili maji yatulie, kisha angalia mifuniko yote, ya sakafuni na ya ukutani. Iwe mizima, imefungwa kwa skrubu, na yenye umbo la mbinuko badala ya bapa, kwa sababu mwili hauwezi kuuziba mfuniko wa mbinuko kirahisi. Uliza kama kuna matundu mawili ya chini au moja. Yakiwa mawili yaliyoachana kwa karibu mita moja, moja likizibwa jingine linaendelea kuvuta, na nguvu ya kunasa inapungua.

Uliza pia swichi ya pampu iko wapi, na ujaribu kuifikia mwenyewe. Kama ipo kwenye chumba kilichofungwa na ufunguo anao mlinzi wa zamu nyingine, hiyo ni kasoro. Mtoto akinaswa, cha kwanza ni kuzima pampu, ndipo kumvuta.

Na kwa watoto wenye misuko mirefu au rasta, nywele zifungwe au zivalishwe kofia ya kuogelea kabla ya kuingia. Wafundishwe kutocheza kabisa karibu na matundu hayo, hata kama mifuniko ni mizima.

Umeme na maji

Taa za ndani ya bwawa, pampu na mashine ya kupasha maji vyote vinatumia umeme. Hapa mzazi hatakiwi kufungua chochote. Angalia tu: je, kuna taa iliyojaa maji ndani ya kioo chake? Kuna waya uliofungwa kwa gundi ya umeme na kupita kwenye nyasi? Kuna soketi ya kuchomekea redio pembezoni mwa bwawa?

Kisha mwombe fundi umeme mwenye leseni athibitishe mambo mawili. La kwanza, mfumo wa bwawa umeunganishwa na waya wa ethi unaofanya kazi. La pili, umeme wa bwawa unapita kwenye kifaa kinachokata mara umeme unapovuja. Ni kile kwenye boksi la breka chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Ukikibonyeza, umeme unatakiwa ukatike papo hapo. Kisipokata, kibadilishwe kabla ya mtu kugusa maji.

Wafundishe watoto dalili moja: ukisikia ganzi au kama sindano mwilini ukiwa majini au ukishika ngazi ya chuma, toka bila kushika chuma na mwite mkubwa. Mtu mzima naye asirukie majini kumsaidia anayepigwa na shoti. Azime umeme kwanza.

Kingo, ngazi na ndoo ya maji

Tembea pembezoni mwa bwawa bila viatu. Utahisi vigae vilivyovunjika, sehemu zenye utelezi na mashimo ambayo macho yameyapita. Tikisa ngazi na mikono ya kushikilia kwa nguvu zako zote, isicheze. Angalia kama kina kimeandikwa kwa namba kubwa pembezoni, na uliza ni wapi sakafu inapoanza kushuka ghafla. Mabwawa mengi ya nyumbani hayana kina cha kutosha kupiga mbizi kwa kichwa, na majeraha ya shingo yanayotokana na hilo humwacha mtu akiwa amepooza. Piga marufuku kabisa.

Ukiona nyufa au ukisikia kuwa maji huongezwa kila mara, fanya jaribio la ndoo. Jaza ndoo maji ya bwawa na uiweke kwenye ngazi ya kwanza ndani ya maji, usawa wa maji ya ndani ulingane na wa nje. Weka alama pande zote mbili. Rudi baada ya saa 24. Jua hupunguza maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiasi kinacholingana. Kama maji ya bwawa yameshuka zaidi ya yale ya ndoo, bwawa linavuja. Kuvuja huleta gharama ya maji, hupunguza nguvu ya dawa kila yanapoongezwa mapya, na hula udongo chini ya sakafu mpaka kingo zinapasuka.

Malizia na stoo ya dawa. Klorini na tindikali vikae kwenye vyombo vyake vya asili, juu, pakavu, nyuma ya mlango wenye kufuli, na visikae pamoja. Vikichanganyika vinatoa hewa yenye sumu inayounguza mapafu. Ukikuta dawa imehamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, itolewe siku hiyo hiyo, maana mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Nani anaangalia maji?

Bwawa likipita ukaguzi wote huu bado halilei mtoto. Kwenye sherehe ya kuzaliwa, watu wazima ishirini wanaweza kukaa pembeni ya maji na asiwepo hata mmoja anayeangalia, kwa kuwa kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Dawa yake ni kumtaja mtu kwa jina. Mtu mzima mmoja, anayejua kuogelea, asiye na simu mkononi wala bia, anaangalia maji kwa dakika 15 au 20, kisha anamkabidhi mwingine kwa maneno. Kwa watoto wadogo, awe majini pamoja nao, umbali wa kuwashika kwa mkono.

Dada wa kazi asibebeshwe jukumu hili juu ya kupika na kufua. Wengi wao hawajawahi kufundishwa kuogelea, na baadhi bado ni mabinti wadogo. Muulize waziwazi, na kama hawezi, mwambie kazi yake ni moja tu: geti lisibaki wazi.

Maboya ya kupuliza ya mikononi ni vitu vya kuchezea, hayaokoi. Mafunzo ya kuogelea yanasaidia sana, lakini mtoto aliyefundishwa bado anaweza kuzama. Na baada ya kuogelea, toa mipira na midoli yote majini. Mtoto huifuata.

Ikitokea

Karibu na bwawa pawe na boya lenye kamba au mti mrefu wa kumfikia mtu. Asiyejua kuogelea asiruke, avute kwa mti au arushe boya. Wengi hufa wakijaribu kuokoa.

Mtoto akitolewa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Unapoteza dakika, na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Mlaze chali kwenye sehemu ngumu, inua kidevu, na umpulizie pumzi kwanza, kwa sababu kilichomwangusha ni kukosa hewa. Mwongozo wa Ulaya unataka pumzi tano za mwanzo. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha theluthi moja ya unene wa kifua, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukifuatia na pumzi mbili. Endelea hivyo bila kuacha. Mwingine apige 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na aandae usafiri. Hata akizinduka, mtoto apelekwe hospitali, hasa akiwa anakohoa au kupumua kwa shida.

Kumfundisha mtu haya kwa maandishi hakutoshi. Kama nyumba yako ina bwawa, watu wazima wote wa nyumba, pamoja na dada na mlinzi, wapate mafunzo ya huduma ya kwanza kwa vitendo.

Zungumza kabla ya kulipa

Mpangaji ana nguvu kabla ya kulipa, si baada. Mwambie mwenye nyumba kasoro ulizoziona, na mkubaliane kwa maandishi kwenye mkataba: nani anajenga uzio na kwa tarehe gani, nani anamlipa fundi wa bwawa, na nani anagharamia mifuniko na umeme. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta upo tayari, kinachotakiwa ni uzio wa mita chache, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kodi ya miezi sita inayodaiwa. Akikataa, omba bwawa lifungwe au utafute nyumba nyingine.

Kwenye maghorofa, wapangaji wakiandika barua moja pamoja wanasikilizwa kuliko mama mmoja anayelalamika getini. Kwa nyumba ya kukodi kwa siku, omba video ya uzio, geti na maji kabla ya kutuma malipo ya awali.

Na kama nyumba yako haina bwawa, bado zunguka uani. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita tano. Beseni la kufulia, ndoo iliyoachwa bafuni, bwawa la plastiki la kupuliza, kisima, tangi la ardhini lenye mfuniko mbovu na shimo la ujenzi la jirani vyote vinahitaji kumwagwa, kufunikwa au kuzungushiwa uzio.

Maswali ya kubaki nayo kwenye simu

• Kuna uzio kati ya mlango wa nyumba na maji, wa mita 1.2 au zaidi?
• Geti linajifunga na kujikomea lenyewe mara tatu kati ya tatu?
• Naliona wazi tundu la chini nikiwa upande wa kina kirefu?
• Mifuniko ya matundu yote ni mizima na imefungwa kwa skrubu?
• Najua swichi ya pampu ilipo na naweza kuifikia?
• Kitufe cha T kikibonyezwa kinakata umeme?
• Ngazi ni imara na kina kimeandikwa?
• Dawa zimefungiwa, kwenye vyombo vyake?
• Boya au mti wa kuokolea upo karibu?
• Anayeangalia maji leo ni nani, kwa jina?

Kama jibu la mojawapo ni hapana, au swali la mwisho halina jina, mtoto asiingie majini leo.